Yai la Hajira

Tangu asubuhi Hajira alikuwa akiwauzia abiria mayai ya kuchemsha pale Mkata, na mwenyewe hakuruhusiwa kula hata moja. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Kliniki walimwambia damu imepungua mno, ale mayai. Mama mkwe akamletea juisi nyekundu.

"Kunywa, mwanangu. Chekundu ndicho kinachoongeza damu."

Hajira aliketi juu ya ndoo kwa uchovu, akamenya yai kwa vidole vilivyopauka, akalichovya kwenye chumvi.

"We Hajira! Unataka mtoto azaliwe na kipara?"

"Wa kwanza alikuwa na nywele tele, mama. Tulimzika nazo."

Akauma. Basi likapiga honi, abiria wakaita mayai dirishani. Hajira aliendelea kutafuna.