Fomu ya Mafao

"Weka sahihi hapo tu, bosi," Mzee Cheche aliniambia, akailaza fomu ya mafao juu ya mashine ya kukatia chuma.

Ndiye fundi wangu wa kwanza wa kuchomelea mageti. Miaka sita nimemkata mshahara kila mwezi, nikimwambia hela inaenda mfuko wa pensheni. Haikufika hata mara moja. Nilinunulia vyuma, nikalipia kodi ya karakana, nikajidanganya mwezi ujao nitafidia.

Vidole vyake vimeungua mpaka alama zimefutika. Jicho la kushoto limeshaingia ukungu.

"Mimi naenda kupumzika," akawaambia wenzake. "Nyie bakini na moshi wenu."

"Usitusahau ukishazipata, mzee," mmoja akamtania.

"Zangu zipo zote. Kuna mabosi wanakata halafu wanakula. Huyu kijana wangu hajaruka hata mwezi." Akanishika bega.

Niliiweka kalamu juu ya fomu bila kusaini. Niliwaangalia mafundi wengine wanne. Na wao nawakata.

"Mzee, twende nje tuongee kidogo."

"Ongea hapa hapa, mwanangu. Hakuna mgeni."