Dozi ya Mama Mkwe

Chupa ya tatu ililetwa asubuhi, imeviringishwa kwenye jani la mgomba, bado ina vuguvugu la kifuani mwa aliyeileta. Dainess aliipokea juu ya kaunta ya duka lake la dawa pale Kawetele, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkojo ulikuwa mzito, umechafuka kama maji yaliyooshewa viazi.

"Bado inachoma, mama?"

"Bado inachoma," akajibu mama mkwe wake, macho chini.

Jamani, mtu achoke mara ngapi? Wiki ya tano sasa. Dainess alianza na Septrini, ile dozi ya siku tano wanayopewa akina mama. Ikapoa kidogo, ikarudi. Akampandisha hadi ampisilini, vile vidonge vya rangi mbili, siku saba. Ikapoa, ikarudi na hasira. Rafiki yake wa maabara mjini Tukuyu alipima chupa ya kwanza na ya pili, zote usaha mtupu. Dainess alikuwa nesi wa serikali miaka kumi na miwili kabla hajapunguzwa kazini, na ugonjwa wa njia ya mkojo aliumaliza huku anapiga soga. Leo unamshinda kwa Mama Edward, mwanamke aliyempokea kama binti wa kumzaa, aliyembebea watoto wake wote wawili mgongoni. Huyu akimfia mikononi, atamtazama nani usoni?

Kwanza alilaumu dawa. Siku hizi za soko huria kila mwenye begi ni muuza dawa, na vidonge vingine ni chaki tupu. Akasafiri mwenyewe hadi Mbeya, akachukua makopo ambayo hayajafunguliwa. Wapi! Wateja wengine wawili wakatumia kopo lilelile, wakapona ndani ya wiki. Kwa hiyo si dawa.

Basi ni mgonjwa. Na Mama Edward alikuwa mgonjwa wa kukutoa mvi. Mwambie akojoe palepale, choo cha nyuma ya duka, mkojo umekata. Lazima autoe nyumbani. Mwulize usiku anaamka mara ngapi, atakwambia kesho. Homa je? Kesho. Na kesho kweli anakuja na majibu yote: anaamka mara nane, homa ipo, mkojo unatoka kwa matone. Hospitali nako amesema hakuendwi, na akishasema hageuki. Edward, alipoelezwa na mkewe, alicheka. Mama mgonjwa wa wapi, jana si kaleta mkungu wa ndizi kichwani kutoka Kisondela, na mvua ile? Dainess akamwambia wanaume hawajui kama mwanamke anaumwa mpaka waone jeneza.

Angekwenda kumsimamia hukohuko nyumbani ameze mbele yake, lakini kwenda kwa wakwe kuna kazi yake. Mila ya Kinyakyusa haina mchezo: mke wa mwana na baba mkwe wake hawaonani. Miaka tisa ya ndoa, Dainess alimjua mzee kwa kikohozi tu, kile kikavu cha mara tatu. Akikisikia njiani anajitupa migombani na beseni lake, kanga usoni, mpaka mzee apite. Angalau siku hizi njia ilikuwa nyeupe. Bila shaka mzee alikuwa Isongole kwenye viazi vyake.

"Mama," alisema, ile chupa bado mkononi, "dozi inamalizwa kweli?"

"Hakijabaki hata kidonge kimoja. Nasimamia mwenyewe."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, mama."

"Hata mimi nimesema hivyohivyo," akasema Mama Edward, na machozi yakamtoka.

Machozi yale ndiyo yaliyommaliza Dainess. Alipandwa na hasira, hajui hata anamkasirikia nani, ugonjwa au huyu mama na siri zake. Saa nne asubuhi akafunga duka, wateja wamesimama mlangoni wanaguna. Akatia kwenye mkoba jentamaisini, pamba na mabomba mapya ya sindano. Akatangaza kwamba mambo ya vidonge yamekwisha. Leo atadunga kwa mkono wake mwenyewe, na kesho kutwa hospitali, hata kwa kubebwa kwenye machela, apende asipende.

Mama Edward hakubisha. Alitangulia kupanda kilima, mbiombio, bila kugeuka nyuma, hata Dainess, mwenye nusu ya umri wake, akawa anahema kumfuata. Alitaka kumwambia apunguze mwendo, mgonjwa hatembei hivyo, ila pumzi hakuwa nayo.

Walipofika uani, Dainess alisimama kwanza migombani, akapiga hodi kama ilivyo desturi. Kimya. Akajifungua kanga ya kichwani, akaingia jikoni, akatandika mkeka karibu na ukuta wa chumba. Akafungua kichupa, akavuta dawa, akatoa hewa.

"Haya, mama. Lala."

Mama Edward hakulala. Alijifuta machozi, akanawa mikono taratibu kwa maji ya kata, kisha akanyoosha kiganja mbele ya mkwe wake.

"Nifundishe mimi kudunga, mwanangu."

Nyuma ya ukuta, kutoka chumbani, mtu akakohoa, kikavu, mara tatu. Dainess, bomba la sindano mkononi, akajifunika kanga usoni.