Tangazo la Baba Sifuni

Siku hizo kufa hakukumpa mtu mashuhuri ruhusa ya kunyamaza. Ndiyo maana makaratasi yote ya marehemu Mbonea, afisa uhusiano na mmoja wa waasisi wa mradi wa roketi wa nchi yake, yalilishwa kwenye mashine ya hifadhi, na sauti iliyotoka humo, ikizungumza kama yeye, ikarudishwa nyumbani kwa mjane wake, Bi Naetwe. Ilifungwa jikoni, juu ya kabati la vyombo, na kuizima lilikuwa kosa la jinai.

Bi Naetwe alikuwa na swali moja tu. Mtoto wao wa pekee, Sifuni, aliungua hadi kufa akiijaza roketi mafuta, na mumewe alikwenda kaburini bila kulizungumzia jambo hilo.

"Baba Sifuni," aliuliza huku akipeta mchele, "mwanetu aliteseka?"

"Tumempoteza kijana shupavu," sauti ilijibu kwa upole, "lakini safari ya anga inaendelea."

Yalikuwa maneno yale yale aliyoyasikia redioni siku ya msiba.

"Hayo uliyaandika lini?"

"Wiki moja kabla, Mama Sifuni. Kazi yangu unaijua. Naandika mapema tangazo la furaha na la msiba, naacha nafasi ya jina."

Ungo ulimponyoka, mchele ukatapakaa sakafuni. Alipoinama kuuzoa kifua kilimbana, akashika ukingo wa meza, pumzi haitoki.

"Pole, mke wangu," sauti ikasema. "Tangazo lako pia liko tayari. Nimeacha nafasi ya tarehe."