Aliyeitika Nyuma ya Zizi

"Rutha!" Monica aliita, na sauti ikamjibu kutoka nyuma ya zizi la ndama: "Abee!"

Akazunguka zizi haraka, madodoso yake kwapani. Alikuta miiba, samadi kavu na jua la saa saba mchana. Hapakuwa na mtu. Alipogeuka, akamwona Rutha anapanda kutoka bondeni, upande mwingine kabisa, dumu la maji mgongoni.

"Umeniitikia ukiwa wapi?"

"Sijakuitikia." Rutha alilitua dumu chini. "Monica, nilikuomba. Hapa nyumbani usiniite jina."

Monica akacheka, maana kicheko ndicho kilichomtoka kila alipoogopa. Lois, mama yake Rutha, alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu kimeinama, maziwa yanamwagikia miguuni naye hana habari.

Wasichana hao walisoma uchumi, mwaka wa tatu, katika chuo kikuu ambacho darasa moja lina watu mia nane na anayechelewa anasikilizia dirishani. Walikuja Kilosa kufanya utafiti wao kuhusu minada ya mifugo, kuanzia Masanze hadi Mikumi. Rutha alitaka walale gesti Mikumi. Monica, kwa kiherehere chake, ndiye aliyeng'ang'ania wafikie kwa wazazi.

Alikuwa na lake moyoni. Mahafali yalibaki miezi minne, na baba yake Rutha, Mzee Saibulu, alikuwa amekataa kuja. Rutha alililia jambo hilo hadi mto ukalowa. Sasa Monica aliamini amegundua chanzo. Siku mbili nzima mzee hakumwita binti yake kwa jina. "Mama," alimwita. Au "mwanangu". Jina, hata mara moja. Kinyongo hicho, Monica alijiambia. Mzee alitaka kuozesha, akaletewa msomi. Na yeye Monica angekimaliza kabla hawajaondoka, maana hakuumbwa kutazama ugomvi wa watu akakaa kimya.

Rutha mwenyewe alikuwa na ya kwake. Kwenye semina, mhadhiri akiita mahudhurio, hakuitika mpaka jina lirudiwe, na kabla ya kuitika aligeuka kwanza kutazama kiti cha nyuma. Wenzake walimtania kwamba masikio yake huja na basi la jioni. Siku walipofundishwa gharama ya fursa, yaani kile unachokikosa kwa kuchagua kingine, alitoka nje akatapika.

Mara moja tu, wakifua nguo bwenini, alimsimulia Monica. "Tulikuwa wawili, tumepishana mwaka, watu walituchanganya. Tulimaliza kidato cha sita pamoja. Mmoja akafaulu, mmoja akakosa. Wiki ileile barua ya chuo ilipokuja, tukazika."

"Aliitwa nani?"

"Kwetu marehemu hatajwi jina. Ukilitaja, umemwita."

Monica alimhurumia kwa dhati. Hakuuliza tena, na kwa mdomo wake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mchana huo, baada ya sauti ya zizini, alijaribu kuendelea na kazi ili moyo utulie. Akamkalisha Lois chini na kufungua dodoso. Idadi ya watu katika kaya.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Watoto hawahesabiwi," Lois alisema. Kisha, kwa kumwonea huruma mgeni: "Mmoja yuko chuo. Mmoja yuko hapa hapa."

Monica akaiacha nafasi ile wazi.

Kesho yake asubuhi alimfuata Mzee Saibulu akiwatoa ndama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akamtolea kadi ya mwaliko wa mahafali kwa mikono miwili. Mzee alijua kusoma kidogo. Aliliona jina lililoandikwa pale juu, na mikono yake ikarudi nyuma, ikaikamata fimbo. Hakuigusa kadi.

"Baba, msamehe mwenzangu," Monica alisema. "Amesoma kwa shida. Analia kwa ajili yako. Siku ile jina lake litasomwa kwenye kipaza sauti, uwanja mzima usikie. Hutaki kulisikia?"

Macho ya mzee yakajaa machozi. Monica akafurahi; alidhani amempata.

"Sijamkasirikia," mzee alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia aende. Nilimpa vyeti kwa mkono wangu, nikamwambia barua imeshafika, kiti kisikae bure. Kila siku najuta, na kila siku najivunia. Hicho kipaza sauti ndicho ninachokiogopa."

"Unaogopa jina la mwanao, baba?"

Mzee aligeukia jikoni, akaita kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtoto aje kula.

"Naishorua!"

Rafiki yake Monica akatoka palepale, mikono ina unga, bila kutazama nyuma.

"Abee, baba."

"Huyo ndiye aliyebaki," mzee alisema, na fimbo yake ikanyooka taratibu kuelekea nyuma ya zizi la ndama. "Rutha ni yule aliyekuitikia jana."