Kijivu Analilia Nini?

Siku ya pili ya matanga, ng'ombe Kijivu akaanza kulia zizini.

“Hata mnyama anamlilia bwana wake jamani!” akasema dada wa marehemu, na kilio kikaanza upya.

Sikitu, mjane, hakuwa na chozi. Alijua ni ile sindano ya homoni, aliyochomwa ng'ombe ili apate joto, imeitika, na Kijivu asipopandishwa leo na kushika mimba, mashemeji watampeleka buchani.

“Wifi, huyo analilia dume. Ngoja nikamwite daktari wa mifugo.”

“Hee! Mjane haondoki mkekani!”

Akaondoka.

Daktari alipofika alimpa pole, kisha akavaa glavu yake ndefu ya kufika begani, tayari kumpandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu. Sikitu akaushika mkia wa Kijivu, akauinua. Kazi ikaisha, pikipiki ya daktari ikaondoka, naye bado kaushika.