Betri ya Pili ya Mwalimu Ndambuki

Dzombo alipiga magoti mbele ya sanduku la betri, lakini si betri iliyompigisha magoti.

"Mwalimu," alisema, "kabla sijafunga hata waya mmoja, nina kosa la kuungama."

Mwalimu Ndambuki, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni huko juu Kwale na sasa mstaafu mwenye kaptura, alikuwa ameketi kando ya karavani yake. Kinyumba hicho cha magurudumu aliuziwa na Mzungu mmoja wa Diani aliyerudi kwao, naye akakivuta hadi kiwanjani kwake Msambweni, akae humo mpaka nyumba yenyewe isimame. Kilikuwa na kitanda, jiko, friji ndogo na feni. Kilichopungua ni nguvu. Kila siku, ikifika saa sita usiku, feni ilikata roho. Ndipo alipopiga simu dukani Ukunda aletewe betri ya pili, na duka likamtuma fundi wake mpya, bila kujua kwamba linampeleka mkosaji kwa hakimu wake.

"Wewe Dzombo!" mwalimu alikuwa amesema alipomwona akishuka kwenye bodaboda. "Bado unatembea kama mtu aliyevunja dirisha?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hiyo ya zamani usiihangaishe. Weka mpya kando yake, unganisha, basi."

Ilikuwa amri nyepesi. Lakini jana yake, pale Kombani, Dzombo alikuwa amekutana na mzee Tembo akiuza makaa kwa mikebe. "Fundi mkubwa!" Tembo alimwita, akampa mkono mweusi tititi. Zamani Tembo alikuwa mlinzi wa shule, na ndiye aliyekuwa akimpenyezea mihogo ya kuchoma kwenye ua. Dzombo aliunawa mkono wake mara tatu. Haukutakata.

Basi akaungama.

Miaka minne iliyopita, akiwa kidato cha tatu, alikuwa amekusudia kwa moyo safi kuwaokoa wenzake na kongamano la hisabati. Alfajiri alichomoa betri ya basi la shule, akaificha stoo ya jikoni, chini ya kuni. Basi halikuwaka, na kongamano likapita salama bila wao. Jioni alipokwenda kuirudisha, alikuta kuni peke yake.

"Uliitafuta wewe mwenyewe, mwalimu, jengo kwa jengo, isionekane. Kesho yake mzee Tembo akafukuzwa kwa wizi. Alipita mbele yetu gwarideni na godoro lake kichwani, nami nimesimama mstari wa kwanza, kimya. Aliyeiiba simjui. Lakini aliyemwekea mezani ni mimi."

Jambo moja tu hakulitaja. Kabla ya kuificha ile betri, alikuwa ameichora ubavuni, kwa wino mweupe wa kufutia makosa, uso wenye miwani na masikio kama mabawa ya popo. Kuna makosa ya kuungama, na kuna makosa ambayo mwenye masikio hayo akiwa amekukalia mbele, unamwachia Mungu.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu. Dzombo alingoja kufokewa. Angefurahi sana kufokewa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu tu, mwalimu."

"Mungu hana maneno mengi."

Dzombo akatoa mfukoni barua ya kurasa mbili, aliyoiandikia bodi ya shule usiku uliopita, yenye jina lake kamili na namba ya kitambulisho. "Naomba uwafikishie. Wakiipata mkononi mwako wataamini, na jina la mzee Tembo litasafishwa. Hata wakinishtaki, sawa."

Mwalimu aliisoma yote. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Umeandika vizuri. Aya zimepangika. Lakini Tembo ameshazoea maisha yake. Ukimfuata leo utamtonesha kidonda. Niachie mimi. Wewe nimekusamehe."

"Umenisamehe, mwalimu?"

"Kabisa. Nenda, usilitaje tena."

Macho ya Dzombo yalilowa. Mtu aliyewahi kumsimamisha juani nusu siku kwa kifungo kimoja cha shati, leo alikuwa amemfutia betri nzima kwa neno moja! Mwalimu akaingia ndani kupika chai, na Dzombo, mwepesi kama unyoya, akaapa kwamba tangu siku hiyo hatafanya tena kazi ya nusunusu.

Na kazi kamili ina sheria zake. Betri mpya haifungwi na kongwe kabla ya kuipima ile kongwe, la sivyo kongwe huinyonya mpya mpaka zife zote mbili. Tena vichwa vya kongwe, vya kufungia nyaya, vilikuwa vimeota ukoga wa kijani, na jinsi ilivyokaa, mpya haikupata nafasi. Ingebidi aisogeze. Angemwasi mwalimu kwa mara ya mwisho, safari hii kwa wema.

Akafungua nyaya. Akasugua vichwa. Ile kongwe ilikuwa imesukumwa hadi kwenye kona, ubavu mmoja umebanwa ukutani. Akaishika kwa mikono miwili, akaivuta, akaigeuza.

"Dzombo, mwanangu," sauti ya upole ilitoka dirishani, "sukari vijiko vingapi?"

Ubavuni mwa betri, uso mweupe wenye miwani na masikio ya popo ulikuwa ukimkodolea macho.