Fainali ya Mtu Mmoja

Tangu Pwani iwe nchi, runinga humtambua mtu kwa uso na kumwonyesha ligi ya alikozaliwa tu. Wakikaa mbele yake watu wa nchi mbili, inajizima. Ndiyo maana Nyanjige, mzaliwa wa Mwanza, aliinuka fainali ya timu yao ya Papa ya Tanga ilipokaribia kuanza.

"Kaa, mtani wangu," mumewe Mhando alimsihi.

"Utakosa mpira wako, Baba Neema." Akaenda uani kupeta mchele.

Enzi za ligi moja, Papa ikifungwa na Sangara ya Mwanza, Mhando ndiye aliyepika wiki nzima. Ikishinda, Nyanjige alilalamika hadi Ijumaa kwamba refa kawabeba. Hayo yote Mhando hakuyakumbuka siku ya kura ya kujitenga. Alipiga ndiyo, akarudi nyumbani akiimba.

Papa ilishinda mabao saba kwa bila. Mhando akamfuata uani na jezi yake, akasimama akingoja. Mkewe hakuinua macho.

"Hongereni," alisema.

"Husemi refa katubeba?"

Nyanjige akapuliza pumba kwenye ungo. "Refa wenu mimi simjui, Baba Neema."